Zamu ya Askari: Historia ya Kugawana Mawasiliano Likasi na Katanga

Historia ya askari waliopelekwa mbali na kwao kwa kawaida huandikwa kwa kufuata mapigano, makamanda na mikataba, na kwa sababu hiyo jambo linalomshughulisha askari mwenyewe karibu kila siku, yaani namna ya kupata habari za nyumbani na kupeleka zake, hubaki pembeni. Mji wa Likasi, ulio katika mkoa wa Haut-Katanga, kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, unafaa sana kwa kuziba pengo hilo. Katika muda wa miezi 16 tu, kati ya Septemba 1961 na Januari 1963, mwendo wa mambo ya kijeshi mjini hapo ulitegemea mara mbili hali ya mawasiliano kati ya askari na wakuu wao, na mara zote mbili madhara yake yalifika mbali sana na Katanga. Makala haya yanafuata historia hiyo tangu enzi ya telegrafu hadi enzi ya intaneti, na hoja yake ni moja: njia ya mawasiliano ya askari walio kazini ugenini imekuwa finyu katika kila zama, mitambo mipya haijawahi kuumaliza ufinyu huo, na kilicholeta haki pale ilipopatikana ni kanuni ya kugawana iliyojulikana na wote, iliyomlinda askari wa cheo cha chini, na ambayo kamanda aliikubali kuwa sehemu ya kazi yake.

Reli, waya na kambi ya familia

Likasi ni mji uliozaliwa na shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika Élisabethville, ambayo ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, kisha ikaendelea hadi Kambove mwaka 1913, na makazi yaliyokua karibu na migodi na viwanda vya Panda na Shituru baadaye yakapewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi na mkurugenzi wa Kibelgiji. Jina hilo lilidumu hadi mwaka 1966, serikali ya Mobutu ilipourudishia mji jina la Likasi. Pamoja na reli ulikuja waya wa telegrafu, na katika miaka iliyotangulia Vita vya Kwanza vya Dunia Mbelgiji Robert Goldschmidt alisimamia ujenzi wa vituo vya telegrafu isiyotumia waya vilivyounganisha pwani ya Atlantiki na Élisabethville, kwa kurusha ishara hewani kutoka kituo hadi kituo.

Waya wa reli ulikuwa na utaratibu wake wa kupanga ujumbe, nao ulifanana na ule wa reli nyingi za dunia: amri zinazohusu mwendo wa treni hutangulia, hufuata ujumbe wa serikali na wa kampuni, na salamu za watu binafsi hupita pakiwa na nafasi na malipo. Utaratibu huo unastahili kukumbukwa kwa sababu ndio mzizi wa taratibu zote zilizofuata. Unakiri kwamba njia ni moja na wanaoitaka ni wengi, unatamka wazi nani atangulie na kwa sababu gani, lakini haumhakikishii mtu wa mwisho kwamba zamu yake itafika.

Katika mpangilio huo askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, hakuwa na nafasi yoyote. Baada ya maasi ya miaka ya 1890 wakuu wa jeshi walipendelea kuchanganya watu wa makabila mbalimbali katika kikosi kimoja na kuwapeleka mbali na maeneo yao ya kuzaliwa, ili askari asiwe na undugu na raia aliotumwa kuwatawala. Badala ya kumpatia njia ya kuwasiliana na nyumbani, jeshi lilimruhusu kuishi na mkewe na watoto kambini, na katika kampeni zilizoishia kutekwa kwa Tabora mnamo Septemba 1916 wako wanawake walioandamana na misafara ya askari na wapagazi. Kambi ya familia ilimpa askari nyumba, lakini iliwasahau wazazi na ndugu waliobaki kijijini. Askari wengi hawakufundishwa kuandika, kwa hiyo habari zao zilisafiri kwa mdomo wa mtu aliyemaliza mkataba wake, na aghalabu zilifika zikiwa zimepitwa na wakati.

Barua zilizopimwa

Vita vya Pili vya Dunia vilipeleka askari wa Kongo mbali kuliko wakati wowote uliotangulia. Vikosi vya Force Publique viliingia Ethiopia, na mwezi Julai 1941 vilipokea huko Saïo majeshi ya Kiitalia yaliyosalimu amri chini ya Jenerali Gazzera, kisha vikosi vingine vikapelekwa Nigeria na Misri. Katika mazingira hayo ya majeshi makubwa yaliyokuwa mbali na makwao, Waingereza na washirika wao walilazimika kubuni njia za kugawana nafasi chache zilizokuwamo katika ndege na katika waya wa telegrafu.

Njia tatu zinafaa kutajwa. Ya kwanza ni barua za filamu, zilizoanza kutumwa kutoka Cairo mwaka 1941: askari aliandika ukurasa mmoja, ukurasa ukapigwa picha ndogo sana kwenye utepe wa filamu, filamu ikasafirishwa kwa ndege, na nakala ikachapwa kwenye karatasi upande wa pili, hivyo mzigo ambao ungehitaji magunia ukatosha katika kifurushi kidogo. Ya pili ni karatasi nyepesi ya barua ya ndege inayojikunja kuwa bahasha, iliyotolewa kwa kipimo, mwanzoni karatasi moja kwa kila askari kwa wiki. Ya tatu ni telegramu za bei moja, ambazo askari alizituma kwa kuchagua sentensi zisizozidi tatu kutoka kwenye orodha iliyopewa namba, zikiwamo za kuuliza hali, za kupongeza uzazi na za kutoa pole, na kwa kuwa namba tu ndizo zilizopita kwenye waya, watu wengi waliweza kuhudumiwa kwa siku moja.

Fikra iliyo chini ya njia hizo ni pana kuliko posta. Zilipunguza ukubwa wa ujumbe ili wengi wapite, zilimpa kila mtu kipimo kinachojulikana, na kipimo hicho kilihesabiwa kwa kichwa cha mtu, kisihesabiwe kwa cheo wala kwa uwezo wa kulipa. Misingi hiyo mitatu ndiyo inayotawala hadi leo mgawanyo wowote wa haki wa intaneti kambini, ingawa walioibuni hawakujua lolote kuhusu kompyuta.

Manufaa yake, hata hivyo, hayakumfikia kila mtu kwa usawa. Askari wa Afrika Mashariki walichapishiwa magazeti ya Kiswahili na majeshi yao, na waliojua kusoma na kuandika wakawasomea na kuwaandikia wenzao barua, lakini kukaguliwa kwa barua kuliwafanya wengi wasiseme lililowakera. Kongo yenyewe ilionyesha hatari ya kumwacha askari bila habari anazoziamini. Mnamo Februari 1944 kambi ya Luluabourg, leo Kananga, iliasi, na miongoni mwa sababu zilizowasha moto huo ilikuwa hofu iliyoenea juu ya chanjo waliyokuwa wakipigwa askari. Malalamiko ya mshahara, ya adhabu na ya kudharauliwa yalikuwa ya kweli na ya muda mrefu, ila mahali pa habari palikuwa patupu, na uvumi ukapakalia.

Septemba 1961: redio moja kwa kombania nzima

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, jeshi likaasi siku chache baadaye, na tarehe 11 Julai kiongozi wa Katanga, Moïse Tshombe, akatangaza kujitenga kwa mkoa huo. Umoja wa Mataifa ulituma jeshi la kimataifa lililojulikana kwa kifupi kama ONUC, na miongoni mwa waliofika walikuwa askari wa Ireland, nchi ambayo haikuwahi kabla ya hapo kupeleka batalioni nzima ng'ambo. Mwanzoni mwa Septemba 1961 Kombania A ya Batalioni ya 35, yenye askari wapatao 155 chini ya Komandanti Pat Quinlan, ilipelekwa Jadotville, kwa maelezo kwamba Wazungu wa mji huo walihitaji ulinzi. Wakazi hao hawakuwataka. Quinlan aliitambua hatari mapema na kuamuru mahandaki yachimbwe.

Asubuhi ya tarehe 13 Septemba majeshi ya Umoja wa Mataifa yalianza mjini Élisabethville operesheni iliyoitwa Morthor, na saa chache baadaye jeshi la Katanga, likiongozwa na mamluki na maofisa wa Kizungu, liliishambulia Kombania A wakati wengi wao wakiwa kwenye misa. Kwa siku tano Waailandi waliwazuia washambuliaji waliowazidi mara nyingi kwa idadi, huku ndege ya kivita aina ya Fouga Magister ikiwapiga kutoka angani. Misafara miwili ya kuwaokoa ilikwama kwenye daraja la mto Lufira. Helikopta moja, iliyorushwa na Mnorwei Bjarne Hovden, ilifaulu kutua, lakini maji iliyoyaleta yalikuwa yameharibiwa na mabaki ya mafuta katika madumu. Tarehe 17 Septemba, risasi, chakula na maji vikiwa vimekwisha, Quinlan alisalimisha kikosi chake. Watano walikuwa wamejeruhiwa na hakuna aliyekufa.

Katika siku hizo zote kilichowaunganisha na makao makuu ya Élisabethville kilikuwa redio, na baadhi ya maneno yalisemwa kwa Kiailandi ili adui anayesikiliza asiyaelewe. Mkondo huo ulibeba maombi ya maji, hesabu ya risasi, habari za majeruhi na majibu ya makamanda. Kwa hali ilivyokuwa haukuwa na nafasi ya salamu za mtu mmoja mmoja, na hakuna askari ambaye angedai iwepo, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba sekunde iliyotumiwa kwa jambo lake ingeweza kugharimu uhai wa mwenzake. Hapa ndipo kanuni ya kutanguliza kazi inapoonekana katika usafi wake: askari hukubali kunyimwa kabisa anapoiona sababu na anapoona kwamba kamanda naye amejinyima.

Gharama ya kunyimwa huko ililipwa Ireland. Wakati njia rasmi ilikuwa finyu, habari za magazeti zilienea haraka, na miongoni mwake zilikuwamo taarifa kwamba Waailandi wengi wa Jadotville wameuawa. Familia zikakaa katika msiba ambao haukuwepo, hadi habari za kweli zilipofika. Kombania A ilishikiliwa mateka, kwanza Jadotville na kisha Kolwezi, na ikaachiliwa mwishoni mwa Oktoba 1961. Ilipita miaka mingi kabla nchi yao kuwapa heshima waliyostahili, na tuzo rasmi kwa kikosi kizima ilitolewa mwaka 2016. Uchungu uliozipata familia zao katika wiki ile ya Septemba haujaandikwa vya kutosha, ingawa ni sehemu ya historia ya Likasi sawa na mahandaki yenyewe.

Januari 1963: agizo lililochelewa

Miezi 16 baadaye mji huohuo ulionyesha upande wa pili wa tatizo. Operesheni ya Grandslam, iliyoanza tarehe 28 Desemba 1962, iliyaelekeza majeshi ya Umoja wa Mataifa Jadotville tena, safari hii yakiwa na askari wa Kihindi wa Brigedia Reginald Noronha mbele. Madaraja ya Lufira yalikuwa yamevunjwa, lakini askari hao walivuka kwa vyombo walivyoweza kuvipata, na tarehe 3 Januari 1963 wakaingia mjini bila mapigano makubwa. Makao makuu ya New York yalishangaa, kwani yalikuwa bado yanazungumza na serikali kadhaa zilizotaka msafara usubiri. Katibu Mkuu U Thant alimtuma Ralph Bunche kwenda Kongo kuchunguza, na Umoja wa Mataifa ukakiri hadharani kwamba mawasiliano na uratibu kati ya New York na uwanja wa mapambano vilikuwa vimevunjika.

Mwaka 1961 mkondo haukutosha kuwabebea wadogo habari zao, na mwaka 1963 haukutosha kuwabebea wakuu maagizo yao. Matukio haya mawili, yakisomwa pamoja, yanaeleza kwa nini majeshi ya miongo iliyofuata yalitenganisha njia ya kazi na njia ya nyumbani, yaani mtambo mmoja kwa amri na mwingine kwa ustawi wa askari. Utengano huo ndio sharti la kwanza la haki, kwa kuwa pasipo huo kamanda atakuwa na sababu halali ya kufunga njia ya askari kila siku, na askari hatakuwa na namna ya kujua lini sababu hiyo ni ya kweli.

Foni na foleni

Katika miaka ambayo Kongo iliitwa Zaire mtandao wa simu wa serikali ulizidi kuchakaa, na wakazi wa Katanga, kama Wakongo wengine, wakageukia redio za masafa marefu walizoziita foni. Foni iliwekwa katika chumba cha misheni, cha kampuni au cha mfanyabiashara, na mteja alilipa, akasubiri, akaitwa, akazungumza na ndugu aliyekuwa ameitwa upande wa pili kwa saa iliyopangwa, huku kila aliyekuwa na redio ya masafa hayo akisikia. Askari na familia zao walikuwa miongoni mwa waliotumia njia hizo, na jeshi lenyewe lilitegemea mitambo ya namna hiyo.

Mendeshaji wa foni alikuwa hakimu mdogo wa kila siku. Aliamua nani atangulie, akikubali kwa kawaida kwamba habari ya kifo au ya ugonjwa ipite kabla ya habari ya biashara, na alikata maneno ya mtu aliyezidisha muda wakati wengine wanangoja. Uamuzi wake ulifanyika mbele ya macho ya wote waliokaa chumbani, na uwazi huo ulikuwa kinga ya foleni: aliyependelewa alionekana. Simu za mkononi zilipoenea baada ya mwaka 2000, kwanza kwa Celtel na kisha kwa Vodacom Congo iliyoanza kazi mwaka 2002, foleni ya foni ilitoweka, na pamoja nayo ukatoweka ule uwazi. Foleni ya intaneti ipo bado, ila imo ndani ya mtambo, mahali ambapo hakuna anayeiona.

Setilaiti na hesabu ya haki

Umoja wa Mataifa ulirudi Kongo kwa azimio namba 1279 la tarehe 30 Novemba 1999 lililounda MONUC, ambayo mwezi Julai 2010 ilibadilishwa kuwa MONUSCO, na mwaka 2013 ikaongezewa Brigedi ya Kuingilia Kati yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Askari hao walikuja katika enzi ambayo mawasiliano na nyumbani yalihesabiwa kuwa haki. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu vifaa vya nchi zinazochangia majeshi zimeiweka intaneti ya askari miongoni mwa huduma za ustawi, na nchi inayoitoa kwa kiwango kinachokubalika hurejeshewa fedha kwa hesabu ya kila askari. Kwa maneno mengine, fedha hutolewa kwa ajili ya kila mmoja, na kwa hiyo kila mmoja ana hoja ya kudai sehemu yake.

Katika kambi zilizo mbali na nyaya za mji, huduma hiyo kwa miaka mingi ilipitia setilaiti inayokaa kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. Umbali huo huleta ucheleweshaji wa zaidi ya nusu sekunde kati ya swali na jibu, na gharama yake huifanya kambi inunue kipimo data kidogo, yaani kiasi kidogo cha habari kinachoweza kupita kwa sekunde moja. Mfano wa hesabu unaeleza tatizo: njia ya megabiti 2 kwa sekunde ikigawanywa sawa kwa watu 100 walio hewani kwa wakati mmoja humpa kila mtu kilobiti 20, kiasi kinachotosha ujumbe wa maandishi lakini hakitoshi kuonana kwa picha, na watu 10 tu wakiwa hewani kila mmoja hupata kilobiti 200, ambazo hutosha mazungumzo ya sauti. Lakini mgawanyo huo sawa hautokei wenyewe. Mtambo usiopangwa hugawa nafasi kwa kuangalia mikondo, hauwaangalii watu, na programu ya kushusha filamu hufungua mikondo mingi kwa pamoja, hivyo askari mmoja anayeshusha filamu humeza sehemu ya wenzake makumi wanaotaka kuwajulia hali watoto wao. Ni sawa na bomba moja la maji kambini ambapo mwenye ndoo ishirini huhesabiwa kuwa watu ishirini.

Wahandisi waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1985 Mmarekani John Nagle alipendekeza kwamba mtambo unaopitisha habari umwekee kila mtumaji foleni yake, kisha uzihudumie foleni hizo kwa zamu, moja baada ya nyingine, ili mwenye pupa azidishe msongamano katika foleni yake mwenyewe tu. Fikra hiyo, inayojulikana kama foleni ya haki, hutumika katika mitambo mingi ya leo inayoitwa ruta, ambayo msimamizi anaweza kuiamuru imtambue kila askari kwa jina na neno la siri, imwekee kikomo cha mwendo, imhesabie kiasi cha habari kwa siku au kwa wiki, itangulize ujumbe na sauti kabla ya filamu, na isogeze upakuaji mkubwa hadi usiku wa manane. Ruta inaweza pia kuhifadhi kambini nakala za vitu vinavyotakiwa na wengi, kama masasisho ya simu, ili vivutwe mara moja badala ya mara mia.

Hata hivyo ruta hutekeleza haki iliyokwisha kuamuliwa na watu, na maamuzi yanayohitajika si ya kiufundi. Doria ya wiki mbili ikirudi, je, kipimo ambacho askari hao hawakukitumia kimepotea au kinawangoja? Mlinzi wa usiku anayelala mchana ana zamu ipi, ikiwa saa za intaneti zimepangwa jioni? Ofisa ambaye ofisi yake ina mtambo wa kazi aruhusiwe kuchota tena katika fungu la ustawi? Nani anashika neno la siri la msimamizi, na nani anamkagua? Pale ambapo askari huchanga fedha zao kuongeza kipimo, maswali haya huwa makali zaidi, kwa sababu anayelipa sawa na wenzake na kupata kidogo huona ameibiwa. Majibu yenye haki yanafuata mafunzo ya vita vilivyopita: kipimo kihesabiwe kwa kichwa, kisichotumika kwa sababu ya kazi kihifadhiwe, zamu zifuate ratiba ya ulinzi, aliyefiwa au anayeuguliwa atangulie, na matumizi ya wote, maofisa wakiwemo, yabandikwe mahali pa wazi kama yalivyokuwa wazi katika chumba cha foni.

Majeshi makubwa nayo yamejifunza kwa taabu. Mwezi Mei 2007 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilizuia tovuti 13 za video na za kijamii katika mitandao yake, ikitaja uhaba wa kipimo data miongoni mwa sababu, na mwaka 2010 ikalegeza msimamo huo. Kuzuia tovuti kwa wote ni rahisi kuliko kugawa kwa kipimo, lakini humwadhibu anayetumia kidogo pamoja na anayetumia vingi, na kwa hiyo hakukidhi haki.

Wajibu wa kunyamaza kwa muda

Kuna hali moja ambamo njia hufungwa kwa wote kwa haki. Katika vita vya Iraq na Afghanistan ilikuwa desturi ya vikosi vya Marekani kukata intaneti na simu za askari kambini mara mwenzao alipouawa, hadi familia yake ijulishwe rasmi, ili mama asisome habari ya kifo cha mwanawe katika ujumbe wa jirani. Mafunzo ya Jadotville yanaipa desturi hiyo uzito, kwani familia za Ireland ziliumizwa mwaka 1961 na habari zilizotangulia ukweli. Askari wa Tanzania nao walipata msiba mkubwa huko Semuliki, Kivu ya Kaskazini, tarehe 7 Desemba 2017, pale kambi yao iliposhambuliwa na wenzao wasiopungua 14 wakauawa, na katika siku za namna hiyo picha na majina yanaweza kusambaa kwa simu kabla ya tarumbeta ya maombolezo kulia. Ukimya huo ni wa haki kwa masharti mawili: uwahusu wote bila kujali cheo, na uwe na mwisho unaojulikana. Ukivushwa mpaka huo, hugeuka kuwa njia ya kuficha makosa ya wakuu.

Askari wa Kongo mwenyewe

Sehemu ngumu zaidi ya historia hii inamhusu askari wa taifa, anayetoka Likasi kwenda Kivu au Ituri bila mtambo wa setilaiti wala fungu la ustawi la kigeni. Yeye hununua mega, kama intaneti ya vifurushi inavyoitwa Kongo, kwa mshahara wake mdogo, na mara nyingi hulazimika kupanda kilima kutafuta rezo, yaani mtandao wa simu. Haja yake haiishii kwenye salamu. Tangu serikali ilipoanza, mwaka 2011, kulipa mishahara kupitia benki, na tangu Vodacom ilipozindua M-Pesa nchini Kongo mwaka 2012, rezo imekuwa njia ya kumtumia mke karo ya mtoto na kodi ya nyumba. Askari aliyekatiwa mtandao amekatiwa pia nafasi ya kuwa mzazi, na ilipofungwa intaneti nchini kote kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 kwa karibu wiki tatu baada ya uchaguzi, waliovaa sare waliumia pamoja na raia.

Serikali ina sababu za kuwa na tahadhari. Mwezi Machi 2024 mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ARPTC, ilipiga marufuku matumizi ya Starlink, huduma ya setilaiti zinazozunguka karibu na dunia, wakati ambapo kulikuwa na hofu kwamba waasi wa mashariki wangenufaika nayo, na mwezi Mei 2025 kampuni hiyo ikapewa leseni. Setilaiti hizo huruka kwenye kimo cha kilomita zipatazo 550 tu, kwa hiyo ucheleweshaji wake ni mdogo na mkondo wake ni mpana. Wako watakaodhani kwamba kwa hatua hiyo suala la kugawana limekwisha. Historia ya Katanga haiungi mkono dhana hiyo, kwa maana kila mkondo uliopanuliwa, kuanzia waya wa Kambove hadi simu za mkononi, ulijazwa upesi, na waliokuwa mwisho wa foleni walibaki mwisho hadi pale mtu mwenye mamlaka alipoandika kanuni iliyowataja.

Kwa hiyo jeshi la Kongo, na kila jeshi linalotuma vijana wake ugenini, lina deni ambalo haliwezi kulilipa kwa kununua mitambo pekee. Linapaswa kuitambua haki ya mawasiliano katika kanuni zake kama linavyotambua posho ya chakula, kuitengea fungu linalokaguliwa, kuitenganisha na njia za amri, na kumpa askari wa kawaida mahali pa kulalamika bila kuadhibiwa anapoona zamu yake imeliwa. Quinlan aliheshimiwa na watu wake kwa sababu katika uhaba wa maji, risasi na habari, aligawana nao kilichokuwepo. Kamanda wa leo anayesimamia ruta ya kambi amepewa mtihani uleule kwa kifaa kipya, na askari wa cheo cha chini kabisa katika kikosi chake ndiye anayejua kama ameufaulu.